Pazia la Khanga Katika Basi la Iringa

Miaka tisa nilikuwa nimeolewa, na uso wa baba mkwe wangu sijauona. Usishangae. Kwetu Unyakyusa mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, hasemi naye, hataji jina lake, na wakikutana njiani mwanamke ndiye anayejitupa kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha upupu. Kanisani mzee alikaa mbele na wazee wenzake, mimi nyuma karibu na mlango, na "Amina" ya mwisho ilinikuta nimeshafika uani. Nilimjua kwa mgongo, kwa kofia yake nyeusi na kwa kikohozi. Nilimjua pia kwa malalamiko, na hayo yalinifikia kila siku.

Maana mimi ndiye niliyempikia. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, na mume wangu Asukile alikuwa migodini Rhodesia ya Kaskazini. Mimi na mwanangu Isakwisa tulikaa Mwanjelwa, pale Mbeya, mzee akakaa shambani kwake mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Chakula alipelekewa na jirani aliyepanda kulima huko. Chungu kikirudi, kinarudi na neno. "Mzee anasema ndizi zilikuwa baridi." Kesho yake: "Mzee anasema leo hata mbwa kazinusa akaenda zake." Keshokutwa lingine.

Mimi nina hasira za karibu, sitaficha. Siku moja nikasema basi, huyu mzee nitamkomoa. Nikachukua kapu kubwa la mianzi, nikalijaza majani makavu ya mgomba na kuyashindilia kwa magoti, katikati nikaacha nafasi ya chungu. Ndani nikatandika blanketi kuukuu la Asukile, na mto mnene nikaushona wa kufunika juu. Chungu kikatoka motoni kinatokota, nikakitia humo, nikafunga kamba. Jioni kikarudi kitupu, bila neno. Kesho yake tena bila neno. Tangu siku ile malalamiko yakakoma, nikamshukuru Mungu kwa kunipa ushindi.

Ndipo akili ikanijia kwamba kama moto unapanda mlima bila kuzimika, unaweza kwenda kokote. Nikaanza kupeleka kapu kwa vibarua wa barabara, kisha kituoni kwa abiria wa mabasi na matingo wa malori. Ukiijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, utajua mtu anavyolitazama bakuli linalotoa mvuke alfajiri. Walinigombania! Nilinunua kapu la pili, na la tatu. Halafu karani wa soko akaja na tangazo: kuanzia mwezi wa saba, kila anayeuza kituoni awe na kibali kutoka ofisi ya Bwana DC, na kibali hakitolewi bila barua ya mdhamini anayejulikana na serikali. Mimi nilijulikana na nani? Na walaji wa ndizi tu.

Nilikuwa na mdhamini mmoja duniani, nacho ni chuo chetu kidogo cha biashara pale Iringa. Nilisoma hapo miezi sita mwaka 1955, wanaume kumi na sita na wanawake wawili. Vyuo vingine ukimaliza hukupa karatasi na kwaheri. Mwalimu wetu Liberatus, Mbena mfupi mwenye sauti ya kengele, hakutaka kukubali kwamba tumemaliza. Alikuwa na pikipiki, na alitufuata nayo kila tulikokwenda, Njombe, Tukuyu, Mbeya, anaingia dukani kwako mwekundu kwa vumbi kama tofali, anapitisha kidole kwenye rafu yako na kuuliza, "Kipya ni nini hapa?" Hakuuliza habari za watoto mpaka kwanza ameuliza habari za wateja.

Na kila mwaka mwezi wa sita alituita wote Iringa. Kila mwenye jambo jipya alilileta, wenzake wakalichambua bila huruma, na jambo moja likachaguliwa. Ukichaguliwa, chuo kinakuwa mgongo wako mwaka mzima. Mwalimu anakuandikia barua zenye mhuri kwenda kwa DC yeyote unayemhitaji, wenzako wa kila mji wanakufungulia milango, na yeye mwenyewe anakuja kukaa nawe mwezi wa kwanza mpaka mambo yasimame. Mwaka ule, 1957, barua yake ilisema: "Lete jambo lako. Lionyeshwe, lisisimuliwe. Jumamosi, saa kumi alasiri."

Nikamjibu kwa kiburi changu chote: nitapika Mbeya alfajiri, na ninyi mtakula Iringa alasiri, moto, bila kuni wala mkaa. Nilipotia barua posta ndipo nikaanza kuhesabu. Nisipochaguliwa, mwisho wa mwezi makapu yangu yatakuwa ya kuatamia kuku.

Jumamosi ile saa kumi za alfajiri chungu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo kilikuwa kinatokota, ndizi, maharage na nyama ya ng'ombe. Nikakitia kapuni, nikafunga mafundo matatu, nikamwacha Isakwisa kwa jirani. Saa kumi na moja tuliondoka. Kapu lilikaa katikati ya miguu yangu, siti ya nyuma kabisa, nami nimelikumbatia kama mgonjwa. Kila basi lilipoingia shimoni nilijiona nimepasuka mimi. Lakini nilikuwa na furaha! Nilitaka kuimba. Dada mmoja wa kutoka Tukuyu aliyekaa karibu nami, Ikupa jina lake, akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia, "Nimebeba mwaka mzima."

Tulipofika Uyole basi likasimama kupakia. Nikasikia kikohozi.

Sikuhitaji kuona kofia. Nilijitupa chini ya siti, khanga kichwani, uso kwenye majani ya kapu. Ikupa akanitazama, akatazama mlangoni, akaelewa mara moja, maana Mnyakyusa hafundishwi hayo. Akasimama na kuita, "Tata, baba, samahani! Usije huku nyuma! Kuna mkwe wako!"

Basi zima likageukia mlango. Mzee alikuwa ameshakanyaga ngazi ya mwisho. Akageuka haraka, mgongo kwetu, kofia akaishusha mpaka puani. "Ngoja," akasema. "Ngoja nishuke. Nitangoja basi la Jumatatu."

"Hapana!" nikamnong'oneza Ikupa kutoka chini. "Mwambie nashuka mimi." Kinywa kilisema hivyo, lakini mikono ilikuwa imelishika kapu, haikutaka kuachia.

"Mkwe anasema anashuka yeye," Ikupa akatangaza.

"Hashuki mtu kwa ajili yangu," mzee akauambia mlango. "Mimi naenda kumtazama mdogo wangu anaumwa. Anaweza kuningoja."

"Na mkwe ana shughuli Iringa leo leo!" akapaza Ikupa, ambaye nilikuwa nimempa habari yangu nusu tu na nusu nyingine aliijaza mwenyewe. "Serikali inamngoja!"

Dereva wetu aliitwa Filemoni, Mhehe mrefu asiyependa kuchelewa. Akazima injini, akageuka kwenye siti yake. "Jamani, hili ni basi, si ukweni! Mimi nina saa zangu. Anayeshuka ashuke, anayepanda apande!"

Hapo kukazuka bunge. Wahehe na Wakinga wanacheka mpaka wanapiga siti makofi, Wanyakyusa tumekasirika kwamba wanacheka, mama mmoja Msangu anasema kwao ni mama mkwe ndiye anayekimbiwa na mwanamume. Mwishowe Ikupa akavua khanga yake ya juu, akaomba nyingine kwa Msangu, wakazifunga kwenye vyuma vya mizigo, kutoka dirisha hadi dirisha. Basi likawa nyumba ya vyumba viwili. Mzee akaingizwa chumba cha mbele, nami nikatoka chini ya siti na kukaa nyuma ya pazia.

"Sasa tunaweza kwenda," akauliza Filemoni, "au kuna shemeji anayehitaji jiko?"

Tukaenda. Chimala, Igawa, jua likatoka, jua likafichwa. Kila kituo mzee alishuka kwanza, abiria wakapiga kelele "Mzee yuko nje!", ndipo mimi nikajinyoosha, akirudi, "Mzee anapanda!", nami nikajifunika. Baada ya vituo viwili wale wale waliocheka ndio waliokuwa walinzi wakali kuliko sisi. Makambako tulifika saa nne, nikagusa mto wa kapu kwa kiganja, nikasikia vuguvugu likinijibu. Nilikaribia kumbusu Ikupa.

Lakini mbele ya Makambako, kwenye mteremko wenye misitu, tukakuta lori la magogo limelala katikati ya barabara. Lilikuwa limejikunja kama ng'ombe aliyekataa kuamka, magogo yametapakaa kulia na kushoto, na watu wake wamekaa kando wazima, wamevuta masweta mpaka masikioni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka ardhini. Manyunyu yakaanza. Wanaume wakashuka kuvuta magogo kwa kamba na matusi, na Filemoni akiwa mbele yao mikono mitupu.

Saa tano. Saa sita. Hapakuwa na duka, hapakuwa na nyumba, kuni zote zilikuwa mbichi. Ndani ya basi tulipumua mvuke. Watoto wakaanza kulia njaa. Mimi nikalifunika kapu kwa gauni langu ili harufu isitoke, na kila mtu akijua ninachofunika, maana pua ya mwenye njaa haidanganyiki. Hakuna aliyeomba. Nilikuwa nimewaeleza wote Chimala kwamba chungu hiki ni cha Mwalimu, na chuo, na kibali, na watu wa barabara wana heshima zao. Nilihesabu: likiondolewa gogo la mwisho saa nane, tutafika saa kumi na moja na nusu. Mkutano utakuwa haujaisha. Kapu linaweza. Nilijua linaweza.

Saa saba na kitu Ikupa akapenya pazia, uso umemkunjamana.

"Mama Isakwisa," akasema, "mzee anatetemeka. Nimemgusa mkono, ni barafu. Anasema hajala tangu jana mchana. Kisa safari ya alfajiri, na jana jioni hakutumiwa chakula."

Jana jioni! Jana jioni nilikuwa nachagua ndizi za chungu cha Mwalimu Liberatus, nikamwambia jirani amwombe radhi mzee, kesho nitampelekea mara mbili. Nilikaa nikilitazama kapu, na nakuambia ukweli, nililichukia. Nikamchukia na mzee kwa kupanda basi langu. Nikamchukia na mdogo wake kwa kuugua Iringa asiugue Tukuyu. Moyo ukaniambia, bado saa nne tu, mzee huyu amevumilia chakula baridi miaka, atavumilia njaa saa nne. Halafu nikasikia kikohozi kule mbele, kidogo, cha mtu anayejizuia asisumbue watu.

"Potelea mbali," nikasema. "Shika kamba hii."

Tulifungua mafundo matatu. Nilipoinua mto, mvuke ukapanda mpaka dari la basi. Haki ya Mungu, uligonga bati ukatawanyika! Harufu ya nyama na maharage ikajaa vyumba vyote viwili. Watu wakapiga ukelele kama gari moshi limeingia. Mama Msangu akasema, "Uongo!" akatumbukiza kidole, akakitoa mbio na kukinyonya. Mimi mwenyewe, niliyelitengeneza, nilicheka kwa furaha, halafu nikakumbuka nafanya nini na furaha ikaniuma.

Nikajaza bakuli la kwanza, la mzee. Ikupa akalipitisha chini ya pazia. Basi zima likamsikiliza mtu mmoja akila. Kijiko, kimya, kijiko. Akapuliza. Akameza. Kisha sauti yake, haielekei upande wowote, "Ndaga fijo." Asante sana. Aliliambia bakuli, lakini neno nililisikia mimi.

Chungu kikiwa kimefunguliwa hakifungiki tena. Nikawapa watoto, nikawapa mama zao, nikawaita waliokuwa nje kwenye magogo. Abiria thelathini na mmoja, matingo wa lori wawili, na Filemoni mwenyewe, matope mpaka kifuani, akala amesimama kwenye manyunyu huku machozi yakimtoka kwa moto wa pilipili. "Mama," akasema na mdomo umejaa, "hiki umepika lini?"

"Saa kumi za alfajiri, Mbeya."

Akatazama saa yake. Akanitazama mimi. Akaipeleka saa sikioni kuhakikisha inatembea.

Saa nane na robo njia ikafunguka. Kuanzia hapo mpaka Sao Hill wenzangu waliimba, na mimi nilikaa na chungu kitupu magotini. Lionyeshwe, lisisimuliwe. Nitaonyesha nini? Majani ya mgomba? Niliamua nikifika nishuke, nilale kwa mtu, kesho nirudi Mwanjelwa kimya kimya nitafute kazi ya kufua. Nikamwambia Ikupa hivyo, taratibu. Kumbe kumwambia Ikupa kitu taratibu ni sawa na kukipigia tarumbeta. Tulipopita Ifunda basi zima lilikuwa linabishana juu ya chungu changu. Tulipofika Ipogolo, chini ya mlima, Filemoni akasimamisha basi.

"Wanaoshuka Ipogolo washuke," akasema. Hakushuka mtu.

"Vizuri. Mama Isakwisa, hicho chuo kiko upande gani?"

"Kule juu, baada ya kanisa. Lakini basi haliruhusiwi..."

"Nimekula chakula chako. Usinifundishe kazi."

Basi likapanda mlima wa Iringa likinguruma, likapita kituo chake, watu waliokuwa wanangoja jamaa zao wakaanza kukimbia nyuma yetu, likaingia uwanja wa chuo huku honi ikilia. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini. Wenzangu wote, wanafunzi wa zamani kama arobaini hivi, walikuwa darasani. Jailos wa Njombe ndiyo kwanza amemaliza kuonyesha mashine yake ya kupukuchua mahindi kwa pedeli za baiskeli, na punje zimetapakaa sakafuni. Mashine nzuri, siwezi kusema uongo. Niliiona kupitia mlangoni nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

Abiria wakaingia wote, kapu likiwa limebebwa juu juu na wanaume wawili. Na mbele yao, kwa kuwa ndiye mkubwa wa umri, aliingia baba mkwe wangu.

Sasa nifanye nini? Chumba kina mlango mmoja, na mzee yumo. Nikazunguka nyuma ya jengo mbio, nikafika chini ya dirisha, nikasimama nimeegemea ukuta, mgongo kwao.

"Ninyi ni nani?" nilimsikia Mwalimu Liberatus akiuliza. "Na mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Niko hapa, Mwalimu!" nikapaza sauti. "Dirishani!"

Vichwa vikageuka. Kicheko. "Ingia ndani, mama, unafanya nini huko?"

"Siwezi. Kuna mkwe wangu humo."

Wanafunzi wa Tukuyu wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kama darasa lililopata jibu. Mwalimu akakuna kichwa. "Haya. Sema huko huko. Uliahidi chakula cha moto. Naona kapu. Naona chungu. Sioni chakula."

Nikaieleza hewa ya Iringa iliyokuwa mbele yangu, na paa za mjini, kila kitu. Kapu, majani, vibarua, kituo, kibali, lori la magogo. Nilipofika kwenye kulifungua nikafupisha maneno. "Kwa hiyo sina cha kuonyesha, Mwalimu. Nimekileta kitupu. Unisamehe."

Nikasikia kikohozi.

"Mimi ni mzee wa kanisa," alisema baba mkwe wangu, "sisemi uongo katika nyumba ya watu. Leo saa saba na nusu nimekula ndizi za moto porini kwenye ukungu, zimepikwa alfajiri. Nilikuwa nakufa baridi. Hilo la kwanza. La pili ni aibu yangu, lakini nitalisema." Akakohoa tena. "Huyu mwanamke ananipikia miaka mingi. Kwa mila yetu haturuhusiwi kusema naye. Nyumba yangu haina mtu. Basi nilikuwa nalalamika. Nikisema ndizi ni baridi, kesho najua amenisikia, amekasirika, ameongeza chumvi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu. Alipotengeneza hilo kapu nikakosa la kusema. Mwaka mzima sasa sijaongea na mtu."

Nilikaa chini. Pale pale kwenye majani, chini ya dirisha. Na mimi niliyedhani nimeshinda!

"Na mimi dereva," Filemoni akadakia, "nasema hivi. Kila Jumamosi nataka kapu hilo kwenye basi langu. La sivyo nalala Mbeya."

Abiria wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja. Mwalimu akapiga meza. Nikamsikia akizunguka lile kapu, nikajua anapitisha kidole, ndiyo kawaida yake.

"Jailos," akasema, "mashine yako itapukuchua mahindi ya nani?"

"Ya wakulima, Mwalimu."

"Wametaka?"

"Bado sijawauliza, Mwalimu."

"Kawaulize, uje mwakani, nami nitakusaidia kuwatafuta. Mashine ni nzuri." Kisha sauti ya kengele ikapanda. "Kapu hili lingekuja limejaa, ningejua kwamba linatunza moto. Limekuja tupu, na basi zima la wateja nyuma yake. Miaka minane nafundisha hapa, sijaona mtu akileta wateja wake mkutanoni. Mnasemaje?"

Walisemaje! Gideoni wa Makambako akasimama kwanza, nilimtambua kwa kigugumizi chake, akasema baraza la duka lake ni la makapu kuanzia wiki ijayo. Timotheo wa Ipogolo akasema ana jiko la kuchemshia upya na shamba la migomba nyuma yake. Mwingine wa Chimala, nisiyemjua, wa darasa la kabla yetu, akasema mama yake anasuka makapu ya mianzi tangu usichana na anunuliwe yote. Mbeya, Chimala, Makambako, Ipogolo: barabara nzima ilikuwa inajengwa ndani ya kile chumba, na mimi nimekaa kwenye majani nje nikicheka na kulia. Ikupa alitoa kichwa dirishani kunitazama. "Unasikia?" akasema. "Unasikia, mama?"

"Wanaokubali, mikono juu," akasema Mwalimu. Sikuiona mikono, lakini nilisikia viti vikisukumwa, maana walisimama.

"Barua naziandika sasa hivi, mhuri uko hapa. Barua ya kwanza kwa Bwana DC wa Mbeya, kuomba kibali cha kituoni." Kalamu ikagonga kidau cha wino. Kisha mmoja wa kamati ya chuo, mtu mzima wa mjini mwenye kujua mambo ya ofisi, akasema, "Mwalimu, ofisi ile hupenda jina la mwenye nyumba. Andika la mumewe, ndiyo taratibu. Anaitwa nani mumewe? Mzee atujuze, ni mwanawe."

Nilisimama. Nilijua taratibu hiyo. Kibali kikitoka kwa jina la Asukile, nacho ni cha Asukile, aliye mbali na asiyejua kapu linafungwaje; akirudi akasema biashara basi, ni basi. Nilitaka kupiga kelele, lakini nani angebishana na mzee juu ya jina la mwanawe mwenyewe? Nikauegemea ukuta kando ya dirisha na kufumba macho.

"Mwanangu hajapika kitu," alisema baba mkwe wangu. "Andika la mwenye kapu."

"Anaitwa nani?" Mwalimu akauliza, ingawa alilijua vizuri jina langu.

Katika miaka tisa sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Kwake nilikuwa mke wa Asukile, kisha mama Isakwisa, kisha mwenye ndizi. Mila ilimruhusu kukaa kimya, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilisikia mguu wake ukisogea sakafuni, ukaja upande wa dirisha, ukasimama. Ukuta mmoja wa matofali ulikuwa kati yetu.

"Damari," akasema kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Andika Damari."

Na mimi, kabla sijakumbuka mila wala ukuta wala watu, nikaitika, "Naam, baba!"